Picha Isiyomsimamisha Mtu

Shangazi yangu hamuulizi mteja anapenda picha gani. Anamuuliza, "Nani atakaa sebuleni?"

Mteja mgeni hushangaa. Amekuja na flashi yake mkononi akitafuta kitu cha kuchekesha cha Jumamosi, sasa anahojiwa kama yuko hospitali. Anajibu kwamba atakuwepo yeye, mkewe, watoto wawili, na mama mkwe aliyekuja kuwatembelea.

"Mama mkwe anakaa karibu na tivii au karibu na mlango?"

"Karibu na tivii."

"Anacheka kwa mdomo au kwa tumbo?"

Hapo mteja mwenyewe huanza kucheka, na shangazi tayari ameshageukia kompyuta.

Kwa maswali hayo mtaa mzima unamwita Dokta. Duka lake la kuwarekodia watu filamu ni chumba chembamba kilichobanwa kati ya kinyozi na fundi viatu. Ukinyoosha mikono yote miwili unagusa kuta. Ndani mna meza, kompyuta iliyofunguliwa ubavu ili isipate joto, feni ndogo inayoipulizia kompyuta badala ya kumpulizia yeye, kiti kimoja cha mteja, na daftari la mistari lenye jalada la bluu. Picha zilizomo katika kompyuta hiyo hazikupangwa kwa majina wala kwa miaka. Zimepangwa kwa watu. Kuna folda inayoitwa "Wakwe Wapo". Kuna "Watoto Hawajalala", kuna "Wawili Tu", kuna "Mgonjwa Kitandani". Kuna na nyingine inayoitwa "Wiki ya Tatu", ambayo ni ya waliofiwa. Shangazi anasema kwamba wiki mbili za mwanzo watu hawataki kucheka, na ya tatu wanataka lakini wanaona aibu.

Kipimo chake ni kimoja. Picha nzuri haimsimamishi mtu. "Mtu akisimama kwenda kuchemsha chai, picha imechosha," husema. "Akisimama kwenda kulala, imeshindwa. Akisimama katikati na asirudi, hapo mimi ndiye niliyekosea."

Wateja wake wengi hawajui kwamba Dokta mwenyewe hajawahi kutazama picha yoyote mwanzo hadi mwisho. Hana nafasi. Kila akianza, mtu anabisha. Kwa hiyo picha mpya ikimfikia hutazama dakika kumi za kwanza na dakika kumi za mwisho. Mwanzo humwonyesha ni wageni gani wanaingia katika nyumba ya watu, na mwisho humwonyesha kama wenye nyumba watalala salama. Katikati huwaachia wateja wawili anaowaamini. Wa kwanza ni mwashi mwenye kicheko cha kupasua bati. Wa pili ni mwalimu wa kike ambaye hapitwi na jambo la aibu hata likipita nyuma ya pazia. Wakirudi anawauliza walicheka wapi, waliwafumba watoto macho wapi, na kama kuna aliyesimama. Majibu huyaandika daftarini kwa maneno mawili matatu. Hadithi zenyewe haziandiki. Daftari lile limejaa mbavu zilizovunjwa na kicheko tu.

"Unauza chakula usichokionja," kinyozi alimtania siku moja kupitia dirishani.

"Na wewe mwenye kipara, nywele unazionjea wapi?"

Fundi viatu alicheka mpaka akaangusha kiatu cha mtu.

Kazi ngumu kuliko zote ilimjia kutoka kwa mama yake mzazi, yaani bibi yangu. Niliishuhudia kwa sababu nilikuwa nimemaliza chuo, nasubiri majibu ya maombi ya kazi, na kile kiti cha mteja kilikuwa kitupu asubuhi nyingi.

Lakini kwanza nieleze habari ya meza.

Babu alikuwa seremala kwa miaka arobaini, na ana vidole vinane. Viwili vilibaki karakana. Kitu alichokipenda kuliko vyote alivyovitengeneza ni meza ya kulia ya watu kumi na wawili, ya mbao ngumu nyekundu, iliyomchukua mwaka mzima wa Jumapili. Alipozeeka na miguu ikaanza kumsumbua, iliamuliwa yeye na Bibi wahamie nyumba ndogo iliyo karibu na hospitali. Siku alipokuwa amelazwa kufanyiwa upasuaji wa goti, baba yangu, ambaye ni mwanawe wa kiume wa pekee na kaka mkubwa wa shangazi, ndiye aliyesimamia kuhama. Vitu vyote viliingia ila meza. Iligeuzwa ubavu, ikageuzwa kichwa chini, ikajaribiwa dirishani. Mlango wa nyumba mpya ulikuwa mwembamba. Baba akatafuta msumeno, akaikata meza katikati, akaingiza vipande viwili, akaviunga upya kwa vyuma na skrubu kumi na mbili.

Babu aliporudi kwa magongo aliikuta sebuleni. Alipitisha kidole juu ya ule mkato, taratibu, tangu upande mmoja hadi wa pili. Kesho yake aliagiza meza ipelekwe stoo, na tangu siku hiyo, mwaka mmoja na miezi minne, hakumsemesha baba yangu. Baba akija humwamkia, "Shikamoo," naye Babu hujibu, "Marahaba," maana salamu ya mtoto haikataliwi. Neno hilo moja ndilo lililobaki kati yao. Mengine yote yalipitia kwangu. "Mjukuu, mwambie baba yako taa ya nje imeungua." Baba amekaa hatua tatu kutoka hapo, anasikia kila kitu, lakini husubiri nimwambie.

Basi asubuhi moja Bibi aliingia dukani, akanitoa kwenye kiti kwa kunigusa bega tu, akakaa.

"Shikamoo, Mama," shangazi alimwamkia. "Nani atakaa sebuleni?" Alikuwa anatania.

"Baba yako na kaka yako," Bibi alijibu. Yeye hakuwa anatania.

Shangazi aliweka kalamu chini. "Chumba kimoja?"

"Chumba kimoja, saa moja na nusu, Jumamosi hii. Sikuombi uwapatanishe, hayo makubwa. Nataka wakae tu. Jumatatu kaka yako anahamishwa kikazi, miaka miwili, mji wa mbali. Na baba yako ana miaka sabini na minane. Sasa hesabu hiyo inahitaji chuo?" Aliponitazama kwa neno "chuo" niliangalia feni.

"Mama, hawa hata simu hawapigiani."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Wewe si ndiye unayewakalisha wakwe za watu? Nikalishie hawa wangu."

Alipoondoka, shangazi alifunga mlango wa duka. Sikuwahi kumwona akiufunga mchana.

Tulitafuta kutwa nzima. Babu anapenda picha za safari za taabu: milima, mapango, kamba inayobaki na uzi mmoja, na stelingi anayepata shida lakini hafi. Baba anapenda vichekesho, hasa vya watu wanaoanguka. Wahusika wakiongea sana yeye husinzia. Kwa hiyo ilitakiwa picha moja yenye safari na kuchekesha. Zilikuwepo nyingi, na kila moja ilikuwa na mwiba wake.

Ya kwanza ilikuwa ya kisiwa na hazina. Nyumba ishirini ziliipenda. Shangazi alitazama tena dakika kumi za mwisho: baba wa stelingi anafia mikononi mwa mwanawe, wakiwa wamesameheana. Akaifunga. "Hii wataona nimewatuma mahubiri."

Ya pili ilikuwa ya harusi iliyoharibika, kichekesho kilichovuma sana, ambamo mzee na mwanawe hawasemezani tangu mwanzo. "Mtu mwenye kidonda usoni humpi kioo," alisema.

Ya tatu ilikuwa mbio za magari jangwani. Hiyo niliitetea mimi.

"Saa mbili na dakika arobaini," alisema. "Babu yako na miguu yake atasimama kwenda msalani. Njia ya msalani inapita chumbani kwake. Ataona kitanda. Tumekwisha."

Jioni ilipokaribia alifungua daftari la bluu na kushuka kwa kidole mpaka kwenye ukurasa uliokunjwa pembe. Nilisoma pamoja naye. "Binamu wawili, kabati la bibi kizee, ramani. Saa 1 na dakika 35. Hakuna busu. Hakuna damu. Hakuna anayekufa, hata mbwa. Mwalimu: safi. Mwashi: mbavu mara nne. Mlangoni: amemwaga chai. Hakuna aliyesimama." Nyumba saba ziliichukua, na zote saba zilirudisha habari njema. Mwanzoni binamu wawili wanarithi kabati lenye ramani iliyofichwa. Mwishoni wanacheza ngoma juu ya mlima.

"Mlangoni pana nini?" niliuliza.

"Pana mbavu," alijibu, akachomeka flashi. "Si umeona mwashi amemwaga chai?"

Nami sikuuliza tena. Tulisomeshwa kwamba kuuliza si ujinga, lakini mtu akishapata anachokitaka, swali moja zaidi huonekana kama usumbufu.

Jumamosi saa tisa alasiri Bibi alikuwa ameshapanga viti kama mtu anayepanga wachezaji uwanjani. Babu dirishani, mguu juu ya kigoda. Baba kona ya pili, karibu na rafu. Katikati, kama ukuta, Bibi na mimi. Shangazi alikaa sakafuni mbele ya tivii akiwa na rimoti mkononi na daftari kwenye magoti.

"Shikamoo, Baba," baba alisema akiingia.

"Marahaba." Kisha, baada ya muda, "Mjukuu, mwambie mwenye kiti kile asogee, ananizibia mwanga."

Nilifungua mdomo, lakini kiti kilikuwa kimeshasogea.

Picha ilianza vizuri. Binamu mfupi alitumbukia ndani ya pipa la asali, binamu mrefu akamvuta, akatumbukia yeye. Babu alicheka. Baba naye alicheka, wakati uleule. Sikuwa nimewahi kutambua kwamba wana kicheko kimoja: kinaanza kama kikohozi na kuishia puani. Kila mmoja alipomsikia mwenzake alikikata cha kwake katikati. Lakini dakika chache baadaye kilitoroka tena. Bibi alinifinya mkono. Shangazi, bila kugeuka, aliandika kitu daftarini.

Dakika ya arobaini hivi, binamu walilibeba kabati la bibi kizee kulitoa nyumbani. Kabati lilifika mlangoni, likagoma.

Walilisukuma. Walilivuta. Walilipindua kichwa chini. Sebuleni kwetu pumzi zilianza kupungua, moja baada ya nyingine. Bibi aliacha kutikisa mguu. Kwenye tivii binamu mrefu aliinua kidole kama mtu aliyepata wazo, akaingia ndani, akatoka na msumeno.

Nilimwona shangazi uso ukimgeuka kuwa wa majivu. Sasa alijua mlangoni pana nini. Alinyoosha rimoti.

"Iache," Babu alisema.

Mkono wa shangazi ulibaki hewani. Msumeno uliingia kwenye kabati, kwaru, kwaru, kwaru. Binamu mfupi alishikilia huku amefumba macho. Ilikuwa sauti ndefu kuliko nilivyofikiri sauti inaweza kuwa ndefu. Baba alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu.

"Msumeno haushikwi hivyo," Babu alisema.

Hatukujua anamwambia nani.

"Tazama anavyoulazimisha kwa bega. Msumeno haulazimishwi. Ubao utamchanika kwa chini. Haya, si nilisema? Umechanika."

Kabati lilianguka vipande viwili. Binamu walikumbatiana kwa furaha, wakabeba nusu ya kwanza. Hapo upepo ukavuma, na ubao wa pili wa mlango, ambao muda wote walidhani ni ukuta, ukafunguka wenyewe. Mlango ulikuwa wa mbao mbili. Ng'ombe na ndama wake wangepita bila kugusana. Bila shaka ndipo mwashi alipomwaga chai. Kwetu hakucheka mtu.

"Mimi niliushika hivyohivyo," baba alisema. Macho yake yalikuwa kwenye tivii.

"Najua," Babu alisema. Macho yake pia yalikuwa kwenye tivii. "Alama zote zipo."

Shangazi alibonyeza rimoti. Binamu wawili waliganda mbele ya mlango wao mpana, mikono kichwani.

"Meza ile haina msumari hata mmoja," Babu aliendelea, polepole, kama anayeeleza mteja. "Chini ina vigingi vinne. Unavigonga kwa nyundo ya mti, miguu inachomoka, uso unaachana vipande vitatu. Dakika kumi. Ilitoka karakana hivyo, iliingia nyumba ya zamani hivyo. Kwa nini hukuniuliza?"

"Ulikuwa umetoka kwenye kisu siku ileile, Baba. Daktari alisema usisumbuliwe. Meza iko nje, wingu limeshuka. Nilijiambia ukirudi uikute ndani, hata kama ina vyuma, kuliko uambiwe imenyeshewa." Sauti yake ikapanda, na nilisikia ndani yake mtoto ambaye sijawahi kumjua. "Na hivyo vigingi ningevijulia wapi? Uliwahi kuniingiza karakana? Kila nikichungulia, nenda kasome. Nikashika randa, nenda kasome. Basi, nikasoma! Nipe hadubini yangu ya maabara nitakwambia damu ya mtu ina nini. Meza ya baba yangu siijui inafunguliwaje."

Babu aliinua mkono wake wa kushoto, ule wenye vidole vitatu, akautazama pande zote mbili kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Nilitaka wewe ubaki na kumi," alisema.

Bibi aliniachia mkono. Nje mtoto wa jirani alikuwa anagonga mpira ukutani, tup, tup, na hakuna aliyemwambia aache.

"Nipeni fimbo," Babu alisema hatimaye.

Fimbo ilikuwa karibu na mimi, lakini baba alishafika. Hakumpa fimbo. Alimpa bega, na Babu, baada ya kulitazama kidogo, alilishika.

"Twende stoo. Nikuonyeshe vigingi."

Wakasimama. Nami nilianza kuinuka niwafuate, Bibi akanivuta shati.

"Wewe mume wangu, kaa hapo hapo. Umekuwa posta mwaka mzima, leo ofisi imefungwa."

Tulisikia mlango wa stoo ukifunguliwa, kitu kikiburutwa, shuka likikung'utwa vumbi, Babu akipiga chafya. Kisha mlio wa nyundo ya mti, mara moja, mara mbili.

"Si hapo! Kushoto!" ilikuja sauti ya Babu. "Kushoto kwako, si kwangu! Huko maabara unaona vijidudu, kigingi kikubwa kama kidole hukioni?"

Na kicheko kikafuata, kile kinachoanza kama kikohozi. Sikuweza kutambua ni cha nani. Kilikwenda mpaka puani, na safari hii hakikukatwa.

Shangazi alikuwa bado sakafuni. Alifungua kalamu, na kwa kuwa yeye ni mtu wa haki katika kazi yake, aliandika chini ya maneno ya mwashi: "Wawili wamesimama katikati. Hawajarudi." Aliyasoma tena. Nilijua anachokifikiria. Kwa kipimo chake mwenyewe, kazi hii ilikuwa imemshinda, tena ilimshinda kwa sababu ya saa moja na robo ambayo hakuitazama.

"Mama," alisema, "nikose usingizi kwa hili au nilale?"

Bibi alikuwa ameelekeza sikio stoo. Kigingi cha pili kilitoka. Tulikisikia kikidunda sakafuni na kubingirika.

"Andika walisimama pamoja," alisema. "Halafu rudisha hiyo picha, nataka kuona hao wajinga wanatokaje hapo mlangoni."

Shangazi aliandika. Kisha akafunga daftari, akaliweka chini ya kiti, akapanda kukaa kwenye kiti cha Babu mwenyewe, mguu juu ya kigoda, na akaitazama picha ile bila kubonyeza kitu mpaka mwisho. Vigingi viwili vilivyobaki vilitoka binamu wakiwa bado wanapanda mlima.